Jina Ambalo Bibi Alilificha

Udaga ukianikwa juani hutoa harufu kali ya uchachu, na nikiisikia hata leo sokoni Bunda, moyo unarudi Suguti, mwaka niliokuwa na miaka sita. Nilikuwa nimelazwa kwenye mkeka uani, kando ya mihogo hiyo iliyovundikwa na kuanikwa, na homa imekataa kushuka. Wakati huo niliitwa Nyafuru. Mama alinipeleka zahanati na kunipa dawa bila kukosa, lakini Bibi, mama yake baba, alikuwa na maelezo yake: marehemu dada yake, Nyanjura, alikufa bila mtoto, na sasa alikuwa anadai mtu wa kubeba jina lake. Asubuhi moja aliniinua, akaninywesha uji, na kwa kila kijiko akaniita Nyanjura. Nikaumaliza wote, mimi niliyekuwa nikitapika hata maji.

Kuanzia siku hiyo jina la Nyafuru likapigwa marufuku. Kaka yangu alijisahau akaniita hivyo, akala ugali mtupu mchana ule. Baba alitaka kwenda Musoma kubadilisha cheti changu cha kuzaliwa, Bibi akakikunja na kukificha chini kabisa ya sanduku lake la nguo.

“Muache huyo Nyafuru kwenye karatasi,” alisema. “Ugonjwa ukirudi, umkute huko.”

Nilipona, nikaandikishwa shule kwa jina la Nyanjura, na kwa miezi kadhaa nyumba nzima iliniangalia kama yai. Sijawahi kupendwa vile tena, na nakiri kwamba namwonea wivu yule mtoto.

Miaka thelathini na kitu baadaye nilipata kazi iliyodai kitambulisho cha taifa. Ofisa akageuza karatasi zangu, cheti cha kuzaliwa kilichotoka sandukuni mwa Bibi kwa jina moja, vyeti vya shule kwa jingine, akaniuliza kwa upole, “Sasa huyu Nyafuru ni nani?” Nikatakiwa kuleta kiapo, mzazi athibitishe kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Mama akaja Bunda amevaa kitenge chake cha kanisani.

Mbele ya wakili alishika kalamu, asisaini. Wakili akauliza kama aletewe wino wa kidole.

“Kuandika najua, baba. Ila hilo jina tulikuwaga hatulitaji kabisa. Nikisaini hapa, si ndiyo nawaonyesha alipo?”

“Unawaonyesha akina nani, mama?”

Mama akanigeukia. Mimi na elimu yangu yote nilitaka kucheka, nikajikuta naogopa pamoja naye.

“Saini tu, Mama,” nikamwambia. “Nimeshakuwa mkubwa.”

Akasaini. Binti yangu mwenyewe alipewa jina kabla hatujatoka wodini, na akiugua nampa dawa, basi. Karatasi zake zitakubaliana maisha yake yote, na hilo ni jema, ingawa wakati mwingine nasikitika kwamba hana mtu wa kumficha vile. Tulipotoka kwa wakili, Mama alisimama katikati ya watu, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha hapo kwa muda, akisikilizia kama nina joto.