Andazi Juu ya Paa la Bibi

Juzi mafundi waliezua nyumba ya bibi kule Mkunya, na mimi nilisimama uani mchana kutwa nikiangalia nyasi zinavyoshushwa. Kila furushi lilipoanguka nililichambua kwa mguu. Fundi mkuu akaniuliza, "Mama, umepoteza kitu humu?" Nikamwambia hapana. Ningemwambiaje mtu mzima mwenzangu kwamba natafuta andazi nililolificha nikiwa na miaka tisa?

Wewe nitakusimulia, ila usinicheke.

Kitongoji chetu kilikuwa na nyumba kumi na mbili hivi, zote kwenye njia moja ya mchanga mwekundu kati ya mikorosho, na zote zilishika Torati. Babu alikuwa msomaji kanisani. Siku moja, ndivyo tulivyoambiwa, alisoma habari za Sabato, akafunga kitabu, akasema hajaona mahali ilipofutwa. Ndugu zake wakamfuata. Baadaye mgeni Myahudi kutoka Arusha akakaa nao msimu mzima akawafundisha yaliyobaki. Mimi nilizaliwa nikakuta ndivyo dunia ilivyo. Nilidhani watu wote hupumzika Jumamosi, na wale wa ng'ambo ya bonde waliokuwa wakilima siku hiyo ni wakaidi tu.

Ijumaa ilikuwa tamu, jamani. Asubuhi tulishuka bondeni kuteka maji ya siku mbili, maana kesho yake hakuna kuteka. Bibi alichemsha ming'oko, vile viazi vya porini, akainjika mbaazi, kisha akafukia makaa kwa majivu ili chungu kishinde na moto wake. Jua likielekea kuzama kila mtu ameshaoga, uwanja umefagiwa, mshumaa umewashwa. Baada ya hapo husikii kinu wala jembe. Jumamosi tulijilaza mkekani tukila mbaazi za uvuguvugu, wakubwa wakiimba Zaburi kwa Kimakonde, na jioni watoto tuligombania kuiona nyota ya tatu, kwa sababu nyota tatu zikitokea Sabato imekwisha. Shuleni walitutania kwamba hatuli panya wa shambani. "Ninyi mnaacha kitoweo kinajipitia," mwalimu alikuwa akisema, na sisi tulicheka naye.

Lakini ndani ya raha ile yote mimi niliishi na uoga. Mungu wa kwetu alikuwa karibu mno. Bibi alikuwa na msemo wake: "Watu huangalia uwanja, Mungu huangalia mvunguni." Nikilala nilijua kuna anayeangalia mvunguni mwangu.

Pasaka ndiyo niliyoiogopa kuliko zote, kwa sababu mimi ni kifungua mimba. Kila mwaka tulisomewa jinsi wazaliwa wa kwanza wa Misri walivyokufa usiku mmoja, na jinsi yule mwenye kuharibu alivyozipita nyumba za watu watiifu. Wengine walisikia habari za zamani. Mimi nilijisikia natajwa.

Basi kabla ya Pasaka hakitakiwi kubaki kitu chenye chachu ndani ya nyumba. Hamira, kimea cha togwa, vipande vya mkate, vyote bibi alivipeleka kwa mama mmoja Mwislamu aliyekaanga maandazi pale njia panda, avitunze juma zima. Mwaka ule alinituma mimi. Yule mama akapokea kikapu, akasema, "Mwambie bibi vitu vyake viko salama, sitavionja," akanifungia maandazi mawili ya moto kwenye gazeti. Moja nililila njiani. La pili nilishindwa kulila na nilishindwa kulitupa. Nikalichomeka paani, kati ya nyasi na fito, juu kabisa ya kitanda changu. Nilijiambia nitalila alfajiri kabla saa ya kukatazwa chachu haijafika.

Jioni ile bibi alipita chumba kwa chumba na koroboi mkono mmoja na unyoya wa kuku mkono mwingine, akifagia makombo pembeni mwa kuta, nyuma ya mtungi, chini ya kinu. Alipofika kwangu akainama mvunguni. Hakuangalia juu. "Mjukuu wangu, kwako ni safi?" Nikasema, "Ni safi, bibi." Kumdanganya bibi, tena ameshika taa ya Pasaka!

Alfajiri nilipanda kitandani nikapapasa. Sikulipata. Nilipenyeza mkono mpaka begani, nyasi zikanichana, andazi halipo. Lilikuwa limezama ndani ya paa na mimi sikuwa na namna ya kulitoa. Asubuhi wakachoma unyoya na makombo uani, bibi akatamka kwamba chachu yoyote asiyoiona na ihesabiwe mavumbi. Lakini mimi yangu niliijua ilipo. Mvua ikanyesha kutwa, nyumba ikajaa watu, nami nilikuwa nimefunga kama wazaliwa wa kwanza wote wafungavyo. Njaa sikuisikia. Nilikuwa nahesabu saa zangu za kuishi.

Tukakaa kula. Mkate usio na chachu, majani ya mchunga yaliyo machungu, korosho zilizotwangwa na asali, nyama ya mbuzi. Yakasomwa mapigo kumi, na lilipofika la kumi nilishika mguu wa kigoda cha bibi. Kisha ikafika zamu ya mtoto kufungua mlango, kumkaribisha nabii Eliya. Kila mwaka nilifungua mimi.

"Haya, mlango," akasema mjomba.

"Sifungui."

Mjomba akacheka. "Eliya alale kwenye mvua?"

"Siyo Eliya aliyeko nje," nikasema, na hapo kilio kikanitoka. "Bibi, nina andazi. Liko juu ya paa. Silipati."

Hakuna aliyecheka tena. Mama yangu aliinua mkono anipige, bibi akauzuia. Akaangalia paa. Sherehe ilikuwa imeshaingia na kazi ni mwiko, kubomoa paa usiku ule haikuwezekana. Mvua ilikuwa inapiga. Akasema taratibu, "Hata mimi nilifungua mimba ya mama yangu."

Akainuka, akafungua mlango mwenyewe, akauacha wazi mpaka sala ikaisha. Walipokwenda kulala akautandika mkeka wake pale kizingitini, akajilaza kwa upana wa mlango. Akanilaza nyuma ya mgongo wake. "Akija, atanikuta mimi kwanza. Lala."

Nilimkumbatia. Na hili ndilo sijawahi kumwambia mtu: nilisikia moyo wake ukienda mbio. Nilifikiri ananibembeleza tu, kama wakubwa wanavyobembeleza watoto. Kumbe naye aliamini. Aliogopa kama mimi, na bado alilala pale hadi kulipokucha.

Andazi sikulipata juzi pia, bila shaka panya walishalimaliza zamani. Zile nyumba kumi na mbili sasa zimebaki tatu. Vijana wamehamia Mtwara na Dar, wengine wamerudi kanisani, wengine wameoa kwa Waislamu wakafuata huko. Mama wa njia panda bado yupo, amezeeka, na aliponiona akaniuliza ni nani atakayemletea kikapu mwakani. Bibi tulimzika masika yaliyopita.

Mimi naishi Masasi mjini, kwenye nyumba ya bati isiyo na mahali pa kuficha andazi. Pasaka hii nilimwambia binti yangu mkubwa, naye ni kifungua mimba, afungue mlango. Akaweka mkono kwenye komeo, akageuka, akaniuliza, "Mama, nje kuna nani?" Nikamwambia hakuna mtu, fungua tu. Walipokwenda kulala nikautandika mkeka kizingitini. Mume wangu akatoka chumbani kuniuliza mbona nalala pale. Nikamwambia ni joto.