Safu ya Imekwisha

Mwone Epifania akifika Mwimbi. Bodaboda imemshusha uwanjani kwa mama Josefina, koti la mvua limemganda mgongoni, viatu vina matope mpaka kwenye kamba, na simu ameifunga kwenye mfuko wa nailoni kama mtu aliyebeba yai. Hakumwambia mtu kwamba atakuja. Hilo likumbuke, maana mara tatu zilizopita alikuja kwa taarifa, na mara zote tatu alikuta kuku amekwisha kuchinjwa.

Epifania ni mtoto wa wakulima wa ulezi wa Ilemba. Alisomea kompyuta, na sasa anaongoza timu ya watu watatu, yeye akiwamo, kwenye chumba kimoja mtaa wa Majengo, mjini Sumbawanga, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Wanatengeneza programu za simu. Msimu huu walikuwa na kazi moja: mkulima akiona viwavijeshi kwenye mahindi, habari imfikie bwana shamba siku hiyohiyo, kabla wadudu hawajahamia kwa jirani. Mahindi yalishafika magotini.

Namna yao ya kazi, niliposimuliwa, niliipenda. Hawapangi mwaka mzima. Wanapanga wiki mbili, wanatengeneza kipande kidogo kinachofanya kazi, wanampelekea atakayekitumia, wanasikia anasemaje, ndipo wanapanga wiki mbili nyingine. Kila asubuhi saa tatu wanakutana wamesimama, ili maneno yasinenepe: jana nilifanya nini, leo nafanya nini, nimekwama wapi. Ukutani wamebandika karatasi za rangi katika safu tatu: Ya Kufanya, Inafanyika, Imekwisha. Karatasi ikifika Imekwisha, Clemens, mmoja wa hao watatu, huipiga kofi kama aliyefunga goli.

Karatasi ya picha ilikuwa ya Clemens. Mkulima anapiga picha ya jani, inakwenda kwa bwana shamba, na kwenye ramani inatokea alama nyekundu. Mara tatu Epifania alimwonyesha mama Josefina, katibu wa kikundi cha wakulima, na mara tatu mama alijibu, "Nzuri sana, mwanangu. Kula kwanza." Wakaandika: mtumiaji ameridhika.

Ila bwana shamba hakupokea hata picha moja. Ndiyo maana leo Epifania amekuja kimyakimya.

"Hodi, mama! Shikamoo."

"Marahaba. Jamani, Epifania! Mbona hukusema? Utakula nini sasa?"

Mama alikuwa barazani, anaandika kwenye kipande cha daftari: Lazaro, viwavi, nusu eka, ng'ambo ya mto. Akakikunja, akampa dereva yuleyule wa bodaboda. "Mpitishie bwana shamba, baba."

"Mama, na programu?"

"Ipo. Nzuri sana."

"Nzuri, mbona huitumii?"

Mama akacheka. "Picha inazunguka, inazunguka, haiendi. Mpaka nipande kilimani kutafuta mtandao. Kwa goti hili?"

"Lakini nimekuuliza mara tatu!"

"Umetoka Sumbawanga na mvua, umekaa kwangu, umekula kwangu, halafu nikwambie kitu chako kibaya? Mimi sikulelewa hivyo."

Kesho yake saa tatu, Epifania akaibandua karatasi ya Clemens kutoka Imekwisha.

"Iache hapo, dada," Clemens akasema. "Ile imekwisha. Nimeijaribu mwenyewe."

"Umeijaribia wapi?" Huyo ni Rahel, ambaye kazi yake ni kukagua kazi za wenzake, na hana haya.

"Si hapahapa."

"Hapa, chini ya mnara wa simu! Mshikaji, ungeukumbatia kabisa."

Clemens hakucheka. Wiki sita zake zilikuwa kwenye karatasi ile. "Kwa hiyo naitupa?"

"Iweke pembeni," Epifania akasema. "Viwavi wako shambani sasa hivi. Mama akiwa barazani kwake, anaweza kutuma nini?"

"Meseji," Rahel akajibu. "Hiyo inapita hata mtandao ukiwa hafifu."

 Clemens mwenyewe akachukua karatasi mpya, akaandika: Meseji tupu, bila picha. Akaibandika juu kabisa, safu ya Ya Kufanya.

Siku ya kumi Epifania alirudi Mwimbi, bila taarifa tena. Safari hii hakuuliza inaonekanaje. Jirani, Anjela, alikuwa ameleta jani lenye matundu. Epifania akasema tu, "Mama, mpelekee bwana shamba habari," akafunga mdomo, akakalia mikono yake. Mama akaandika, akafuta, akaandika tena, akatuma. Chai haijapoa, jibu likaingia: Nimepata, nakuja kesho asubuhi. Na kesho yake, kweli, akaja, wadudu wakiwa bado kwenye mistari miwili tu ya shamba la Anjela.

Tatizo ni kwamba jioni ile ya meseji, wakati wa kuaga, Epifania alijisahau.

"Mama, kwa hiyo sasa unaionaje?"

"Nzuri sana, mwanangu. Kula kwanza."

Akaangalia barazani. Daftari lilikuwa palepale kwenye mkeka, wazi, na kalamu haijafunikwa.

Meseji ilifika, hilo halina ubishi. Lakini karatasi ile, ungekuwa wewe msomaji wangu, ungeipeleka kwenye safu ya Imekwisha?