Mshika Waya wa Barnsley

Wilf Sugden alikuwa na kiti kimoja tu duniani ambacho watu wangeuliza asipokikalia: kile cha pili kutoka dirishani, chumba cha nyuma cha baa, kila Jumamosi, pamoja na wapenzi wa bendi ya Mbwa wa Bati. Kwingine kote mjini Barnsley, kaskazini mwa Uingereza, alikuwa hewa. Mke alimwacha zamani, akaondoka hata na mapazia. Kiwanda cha vioo alichokitumikia ujana wake wote kilipofungwa, walifanya sherehe ya kuagana, wakasahau kumwalika.

Kwenye chumba hicho cha baa kulikuwa na ibada moja: kumlaani Mshika Waya.

Mwaka 1973 Mbwa wa Bati walialikwa kwenye runinga, kule Manchester. Enzi zile bendi haikupiga chochote studio. Santuri ililia nyuma ya pazia, wao wakachezesha midomo na vidole. Kila mtu alijua, na kila mtu alijifanya hajui. Ndio ustaarabu wenyewe. Sasa katikati ya wimbo, kijana mmoja kati ya watazamaji, mwenye nywele za mabegani, akaona waya wa gitaa umelala sakafuni, haujachomekwa popote. Akadhani umechomoka. Kwa mapenzi tu, maskini, akapanda jukwaani, akauokota, akaanza kutafuta pa kuuchomeka mbele ya taifa zima, huku gitaa likiendelea kulia vizuri kabisa.

Mpiga gitaa akamrushia gitaa, likampata mpiga ngoma. Mpiga ngoma akazipiga teke ngoma zikawaangukia watazamaji. Mwimbaji akamng'ata mpiga picha sikio, na sauti yake ikazidi kuimba kwa utamu kwamba mapenzi ni upole. Nchi nzima ilicheka. Krismasi ilipofika, bendi haikuwepo tena.

"Siku nikimpata yule," alikuwa akisema Dougie Hepworth, mwenyekiti wao, dereva wa basi mstaafu, "ule waya nitamlisha."

"Na plagi yake," alikuwa akidakia Wilf. "Bila maji."

Mshika Waya alikuwa Wilf. Wenzake aliwaambia kwamba jioni ile aliitazama kwa shangazi yake, na hakuna aliyeweza kumbishia, maana kituo cha runinga kiliifuta kanda ile kwa kurekodia vipindi vingine. Mpaka Novemba hii, nakala ilipookotwa darini, nyumbani kwa fundi mmoja marehemu wa kituo hicho.

Dougie akaalika kila mtu aje kuitazama. Akamwalika hata Glenys, mjane wa Royston Beevers, mwenzao waliyemzika mwezi wa nne. Royston ndiye aliyempa Wilf chumba siku alipoachwa. Glenys ndiye aliyempikia nyama ya kuoka kila Jumapili, miaka nenda rudi, na kumfungia nyingine ya kubeba.

Mapazia yakavutwa. Watu wakacheka mpaka pai zikawapalia. Kisha kijana akapanda jukwaani. Mgongo tu, na nywele. Wilf akaanza kupumua tena.

Dougie akasimamisha picha.

"Hiyo skafu! Hebu itazameni. Si ya timu yetu hiyo? Huyu mshenzi ni wa hapa hapa!"

"Na ni mrefu kama mlingoti," akasema mmoja.

Basi chumba kikaanza kupimana kwa macho. Wenye umri ule na kimo kile hawakuwa wengi, na walio hai walikuwa wachache zaidi. Macho ya Dougie yalikuwa yanakuja, kiti baada ya kiti.

"Ni Royston," Wilf akasema.

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Aliniambia mwenyewe hospitalini. Aliniapisha nisiseme."

Glenys akaweka glasi chini. "Royston alikuwa kwetu jioni ile. Alikuja kuniposa. Tuliiona pamoja, kwenye kochi la baba."

"Shemeji," Dougie akasema kwa upole, ule upole wa kumfungulia mtu mlango atoke, "hakuna anayekulaumu. Mke lazima amtetee mumewe."

"Simtetei, nasema! Wilf. Waambie."

Wilf akaitazama bia yake kama vile kuna kitu kimetumbukia humo.

"Wilf, mwanaume wewe. Umekula kwangu."

"Pole, shemeji," Wilf akasema. "Marehemu mwenyewe ndiye aliyesema."

Glenys akachukua koti. Hakuna aliyemshikia mlango. Alipopita mlangoni mtu akaunguruma kama mbwa, wengine wakaitikia.

Bia mpya ikatua mbele ya Wilf bila yeye kuagiza. Dougie akavuta kiti karibu. "Haya, mzee, tupe. Alikwambiaje, lile jinga?"

"Alisema aliuona ule waya sakafuni," Wilf akaanza. "Alidhani hawasikiki, na hakuna anayewasaidia. Aliwapenda kuliko watu wa kwao. Alilitafuta lile tundu, alilitafuta, akajiambia, nikilipata tu watanijua jina."

"Jina! Mungu wangu!" Dougie alikuwa anafuta machozi. "Halafu?"

"Halafu walimtupa nje. Akalia kwenye basi, Manchester mpaka hapa, na skafu mdomoni asisikike."

Chumba kilipasuka kwa vicheko. Wakamwomba arudie pale pa basi. Wilf akasimama ili wa nyuma waone, akarudia, na safari hii akaigiza na kilio.