Picha Zilizochelewa Kufika Nyacheki

Nikisimulia haya, watu huniuliza kama nilikuwa nimelala. Sikuwa nimelala. Ilikuwa mchana, nimeketi mbele ya kompyuta, na mwenye nyumba yuko hai mpaka leo. Ukinitilia shaka, panda Nyacheki umuulize mwenyewe.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nina kibanda changu Suneka, lakini mtu mzima asiyeweza kunibebea mashine yake mimi humfuata kwake. Ndivyo nilivyofika kwa Mwalimu Nyaboke, mwalimu mstaafu anayeishi peke yake kwenye shamba la majani chai. Mwanawe aliye ng'ambo alikuwa ameunganisha simu za familia yote na ile kompyuta kwa akaunti moja, ili mama aone picha za wajukuu kwenye kioo kikubwa, maana macho yake yamechoka. Sasa picha zilikuwa zimekoma kufika. Ile alama ya kungoja ilizunguka tu, asubuhi mpaka jioni.

Nilianza na yale ya kawaida. Intaneti ilikuwepo. Nywila ilikuwa sawa. Nikaingia ndani ya akaunti, nikaona nafasi imejaa pomoni. Halafu nikaona kitu kingine: miongoni mwa simu zilizounganishwa kulikuwa na moja yenye jina Moraa, na hiyo ilikuwa bado inajaribu kupandisha picha nyingi mno, haipati pa kuziweka.

Nilimuuliza Mwalimu, huyo Moraa ni nani.

"Ni msichana wangu," akasema, akielekeza kidevu dirishani. "Yuko hapo nje, kwa migomba."

Mimi nikaelewa kwamba anapalilia. Wewe ungeelewaje? Nikamweleza kuwa njia ya haraka ni kuiondoa simu hiyo kwenye akaunti na kufuta vitu vya zamani. Akasema nifanye ninavyoona ni sawa, kisha akaenda kupika chai. Jiko lake liko nyumba ndogo ya pembeni.

Hakuwa amefika jikoni vizuri mvua ikaanza, ile mvua yetu ya alasiri yenye mawe. Mabati yalilia mpaka nikaacha kusikia hata feni ya kompyuta. Ukungu ukashuka juu ya shamba, dirisha likawa jeupe. Ndipo nilipoona kuna msichana ameketi kwenye kiti cha kona. Sweta ya manjano, simu ameikumbatia kifuani. Nilidhani amekimbia mvua. Alinisalimu kwa Ekegusii, lugha yetu ya Kisii, taratibu, na niamini, sauti yake ya chini niliisikia wazi kuliko mvua.

Nilimuuliza kama ndiye Moraa. Akasema ndiye. Nikamwambia simu yake ina picha nyingi zilizokwama, na kwamba nilikuwa karibu kuiondoa.

"Ukiiondoa, hizo ambazo hazijafika zitaenda wapi?"

"Zitapotea," nikamjibu. "Kompyuta haitazipata tena."

"Basi ngoja zifike, dada. Mama hajaziona."

Hakuniomba kwa nguvu, lakini mkono wangu uliondoka wenyewe kwenye kile kitufe. Nilikuwa nimejaa utulivu wa ajabu, kama mtoto anayebembelezwa mgongoni. Nikatoa diski yangu, nikaanza kuhamishia huko video nzito za harusi na za mahafali, ili akaunti ipate nafasi. Kazi hiyo ni ya polepole. Yeye alikaa akitazama upande wa jikoni. Nilimuuliza mbona haendi kumsaidia mama yake.

"Nimezoea kumtazama tu," akasema.

Hata hilo halikunishtua. Nilikuwa kama mtu aliye chini ya maji ya uvuguvugu. Nafasi ilipopatikana, alama ikaacha kuzunguka na picha zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine. Niligeuka nimpe habari njema. Kiti kilikuwa kitupu, na nje mvua ilikuwa imekwisha, sijui tangu saa ngapi.

Mwalimu akaingia na birika na vikombe viwili. Nikamwambia alete cha tatu, Moraa ametoka sasa hivi tu.

Aliweka sinia mezani polepole sana. Akanishika mkono, akanipeleka dirishani. Katikati ya migomba palikuwa na kaburi la saruji, bado linatiririka maji ya mvua. Akanieleza kwamba ni la Moraa, binti yake, aliyeugua ghafla, akafa akiwa bado msichana. Simu yake aliipenda mno, na mama mwenyewe ndiye aliyemwekea kwenye jeneza, kando ya mkono.

Niligeuka kukitazama kile kiti cha kona. Lakini Mwalimu alikuwa ameshaigeukia kompyuta.

Zilikuwa picha zake yeye. Mwalimu akichuma chai, amepigwa kutoka nyuma, kikapu mgongoni. Mwalimu amesinzia kwenye sofa, Biblia imelala kifuani. Mwalimu amesimama kwenye lile kaburi na khanga begani. Ya mwisho alikuwa jikoni akipuliza moto, amefunga kitambaa kile kile alichokuwa nacho kichwani wakati huo.

Aliweka kidole juu ya ile ya kaburini. "Hapa nilikuwa nalia," akasema. "Nilidhani sina mtu."

Hakupiga kelele. Alivuta kiti, akazitazama zote, chai ikapoa. Nilipofunga begi langu alinena neno moja tu, kwamba ile simu niiache ilipo, kwenye akaunti.

Picha ziliendelea kuja msimu mzima. Waumini wenzake walikuja kuomba, dada yake akamsihi auze kompyuta, akakataa. Kisha ikaja moja ya lango la boma, limepigwa kutoka barabarani, limefungwa, na umande juu yake. Baada ya hiyo, hakuna tena. Mwalimu alinipigia simu kunieleza, kwa sauti ya mtu aliyemsindikiza mgeni. Alisema, "Ameenda salama." Siku hizi picha za wajukuu zinaingia bila shida.

Mimi ndiye niliyebaki na alama. Mvua ya alasiri ikianza, utulivu wa siku ile huniangukia kama usingizi, mzito na mtamu, na nikiupinga natetemeka. Kwa hiyo mawingu yakijikusanya nafunga kibanda. Wateja wananiita mvivu. Waache waseme.

Nawe ukifungua akaunti ya watu wako, ukakuta kifaa usichokijua, usikimbilie kukiondoa. Uliza kwanza kilikuwa cha nani, na kama yupo mtu nyumbani anayengoja kitu kutoka kwake. Ukishabonyeza, hata mimi fundi sitaweza kukurudishia.