Bunduki Mbili na Bega la Kushoto

Kuna fundi wa nguo pale Wheaton, huku Marekani, karibu na kituo cha treni, ambaye nampelekea suruali zangu kila zinapokataa kufungika. Yeye husema zimerudi kwa kufuliwa, na mimi humshukuru kwa uongo huo. Mwezi uliopita nilimkuta ameifungua cherehani yake, anaidondoshea mafuta kutoka kwenye kichupa chenye mdomo mrefu. Ile harufu iliponifikia, nyepesi, ya chuma na nta kidogo, nilisahau suruali. Nilikuwa tena msichana wa miaka kumi na mitatu, jikoni kwetu Herndon. Gazeti limetandazwa mezani, baba yangu anapitisha kitambaa ndani ya mtutu wa bunduki, na mama yangu anamwangalia kama anavyoangaliwa mtu anayechinja kuku juu ya kitanda.

Msishtuke, ndugu zangu. Hatukuwa majambazi. Tulikuwa Walutheri.

Baba alizaliwa Singida. Alipomaliza kidato cha sita alipelekwa kambi ya mafunzo ya jeshi kama vijana wote wa wakati wake. Akalima mahindi ya taifa, akakimbia mchakamchaka alfajiri, akafundishwa kulenga shabaha. Alibaki na picha moja ya siku hizo: kijana mwembamba kama ufito, kaptula inampwaya, ameshika bunduki yenye kitako cha mbao kwa uangalifu, kana kwamba amekabidhiwa mtoto wa mtu. Miaka mingi baadaye, pale uwanja wa ndege wa Dulles alikokuwa akipakia mizigo zamu ya jioni, mwenzake wa kazini alimwalika siku moja kwenda renji, uwanja wa kulenga shabaha ulioko msituni, njia ya kuelekea milimani. Alirudi nyumbani anapiga mluzi.

"Kwani umetoka wapi na huo mluzi?" aliuliza mama, ambaye ni mtu wa Meru na hajawahi kuogopa kuuliza. "Ni kanisa ama ni baa?"

Jumamosi iliyofuata alinichukua na mimi. Siku nyingine zote tulikuwa tunapishana: nikitoka shule yeye ameshaondoka, akirudi mimi nimelala. Hata tulipokutana hatukufika mbali. Yeye alinisemesha Kiswahili, mimi nikamjibu Kiingereza, kama watoto wote wa kanisani kwetu, na kila mmoja alimwonea mwenzake huruma kidogo. Lakini kule renji tulivaa vizuia-kelele vikubwa kama vibakuli vya uji, na nikagundua kwamba mahali tulipoelewana kuliko pote ni pale ambapo hatukuweza kusikiana. Akinigusa bega, nilijua nishushe mtutu. Akiinua dole gumba, nilijua nimepumua vizuri. Wakati wa kurudi tulisimama kwa mama mmoja wa El Salvador aliyeuza pupusa, vile vikate vya mahindi vyenye jibini ndani, ambavyo baba aliviita ugali uliokwenda shule.

Umri ule nilitaka jambo moja tu duniani: Jumamosi zile zisiishe.

Tatizo lilikuwa kwamba sikupiga kitu. Bunduki ya kukodi ya pale renji ilikuwa ya kujaza risasi moja moja, zile ndogo zisizozidi kipande cha chaki, ambazo pini ya bunduki huzigonga nyuma, ukingoni badala ya katikati. Hairudi nyuma kwa teke la kumwumiza mtu, na kelele yake ni kama ubao uliopasuka. Mtoto yeyote angeiweza. Mimi nilipiga tuta la udongo. Nilipiga mti ulioshikilia karatasi ya shabaha. Siku moja nilipiga shabaha ya bwana wa jirani, katikati kabisa, naye akanishukuru.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu mkono wangu. Nilizaliwa wa kushoto. Nilipokuwa mdogo bibi yangu aliuvisha mkono huo soksi ili niusahau, na tulipohamia Marekani baba aliiendeleza kazi hiyo kwa uaminifu. Ugali ukifika mezani tu, sauti yake nayo ilifika: "Mkono wa kulia, mwanangu. Wa kushoto si wa kulia chakula, wala si wa kumpa mtu kitu." Sikuwahi kubisha. Niliandika kwa kulia, mwandiko wa kuku aliyekunywa pombe, nikarusha mpira kwa kulia hadi wenzangu wakaacha kunirushia. Basi hata bunduki niliiweka bega la kulia. Hakuna aliyeniambia. Nilijua tu.

Wakati huo baba alikuwa anatafuta bunduki yetu wenyewe. Watu wengi pale renji walikuja na bunduki za risasi hizo hizo ndogo, ila zimetengenezwa zifanane na za jeshi: sura ya vita, tumbo la mchezo. Katika duka moja si mbali na kwetu alikuwa ameziona mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mbao, ya rangi ya asali mbichi, pacha wa ile ya kwenye picha yake. Ya pili ilikuwa nyeusi, ya plastiki na bati, mfano wa zile za askari wa Kimarekani. Hiyo aliidharau waziwazi. "Ile nayo ni bunduki," aliniuliza, "au mashine ya kukaushia nywele?" Mimi pia niliipenda ya mbao, kwa sababu niliipenda ile picha.

Lakini aliweka sharti. "Sinunui bunduki ya mtu mmoja. Nikinunua, ni yetu wote wawili. Sasa na wewe hebu nionyeshe unaigusa karatasi. Ukishindwa si dhambi, mwanangu. Tutakupeleka piano."

Piano ilikuwa inafundishwa Jumamosi asubuhi.

Ikafika Jumamosi moja ya mwisho wa vuli, majani yameshaanguka na pumzi zetu zinaonekana. Nilikuwa nimepiga tuta kwa muda mrefu, na baba alikuwa ameacha kuinua dole gumba. Alikwenda kwenye gari kuchukua chupa ya chai. Msimamizi wa renji, mama mstaafu mwenye kofia ya rangi ya chungwa tuliyemwita Bi Loreta, akaja akasimama pembeni yangu, akanivua vizuia-kelele.

"Hebu weka hiyo bunduki chini, binti. Nyoosha mikono mbele. Kutanisha viganja, acha katundu kadogo katikati. Unaiona saa ile ukutani? Itazame humo kwenye tundu, macho yote mawili wazi. Sasa vuta mikono taratibu mpaka usoni, saa isikupotee."

Nikavuta. Viganja vikaja moja kwa moja kwenye jicho la kushoto, kama mbuzi anayejua banda lake.

"Ahaa," alisema. "Muda wote huu umekuwa ukilenga kwa jicho lililolala; linaloongoza ni la kushoto. Nani alikwambia ushike kulia?"

Ningemwelezaje soksi, bibi na ugali? Nikasema hakuna. Akaihamishia bunduki bega langu la kushoto, akanisogeza kiwiko, akanirudishia vizuia-kelele, akarudi nyuma. Sina namna nzuri ya kusimulia nilivyojisikia. Mmewahi kuvaa viatu kwa haraka, cha kulia mguu wa kushoto, mkatembea hivyo siku nzima, kisha mkakaa kitandani mkavivua? Nilivuta pumzi, nikafyatua, na karatasi ikatoboka pale pale nilipokuwa natazama. Nikajaza nyingine. Ikatoboka tena, jirani na tundu la kwanza. Nilicheka peke yangu ndani ya vile vibakuli.

Nilipogeuka, baba alikuwa nyuma yangu na chupa ya chai mkononi.

Sikujua amesimama pale tangu lini. Nilishusha bunduki, nikaihamishia kulia upesi, kama mtu aliyefumaniwa na kijiko cha sukari mdomoni. Bi Loreta alianza kwa sauti kubwa, "Binti yako huyu..."

"Nimeona," alisema baba.

Aliweka chupa chini. Akainamia darubini ya kuangalia shabaha, akaitazama karatasi yangu muda mrefu sana kwa karatasi yenye matundu machache. Kisha akaja, akanifunua sikio moja.

"Kula ni kwa kulia," alisema.

"Yes, Baba."

"Salamu ni kwa kulia. Kumpa mtu kitu ni kwa kulia."

"Yes, Baba."

"Kulenga..." Akaitazama tena karatasi. "Kulenga hatukuambiwa. Haya, endelea."

Siku hiyo hatukusimama kwa mama wa pupusa. Tulikwenda moja kwa moja dukani. Muuzaji, bwana mnene mwenye miwani aliyoipandisha kipajini, alimwona baba mlangoni tu akaanza kuishusha ile ya mbao ukutani.

"Leo unamchukua mke wako, au umekuja kumshika mkono tu kama kawaida?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba baba alikuwa akija dukani pale peke yake mara kwa mara. Aliipokea, akaiweka bega la kulia, shavu likalala juu ya mbao, na nikamwona yule kijana wa kaptula inayopwaya. Nilidhani mambo yamekwisha.

Kisha akaihamishia bega la kushoto.

Baba yangu ni mtu ambaye hakuwahi kupeleka taka nje kabla ya kupiga shati pasi. Alisimama katikati ya duka lile akifumba jicho lisilo lake, akalifumbua, akafumba la pili, kiwiko kimechomoza kama mpini wa birika. Dole gumba likawa linapapasa kutafuta kifungo cha usalama, cha kuzuia isifyatuke, na halikioni. Wateja wawili wakageuka.

"Bwana mkubwa," alisema muuzaji, "leo umesahau bega lako nyumbani?"

"Nipe ile nyeusi," alisema baba.

Nayo akaiweka kushoto. Akakisukuma kitako chake ndani, maana kilikuwa cha kurefushwa na kufupishwa, hadi kikawa kifupi kabisa, halafu akajikunja nyuma yake kama panzi, mtu mzima mwenye mikono ya kubeba masanduku ya watu. Alipapasa kifungo, akakipata. Akapitisha kidole kwenye kinundu fulani ubavuni mwa bunduki, akarudia tena na tena. Wale wateja walikuwa wanacheka sasa. Mimi niliona aibu. Nilijisogeza hadi kwenye rafu ya kofia, nikazisoma bei zake moja moja, nikimwomba Mungu asiingie mtu wa shuleni kwetu.

"Nachukua hii," nilimsikia akisema.

Nilirudi mbio. Nikamkumbusha, kwa Kiingereza changu chote, kwamba hiyo ni mashine ya kukaushia nywele.

"Mbao inataka matunzo," alinijibu. "Kila wiki mafuta, kila wiki kitambaa. Mimi na kazi hizi, nitaipaka saa ngapi?"

Nilimwamini. Niliendelea kumwamini hata nilipomwona kila wiki mezani pale jikoni akiipaka mafuta ile nyeusi, plastiki isiyohitaji kitu, kwa upole wa mtu anayemwogesha mgonjwa. Mama aliiandalia masharti yake: ikae kwenye kabati la chuma, kufuli liwe juu yake, na isitajwe mbele ya mchungaji. Lakini karatasi yangu ya kwanza nzuri aliibandika kwenye friji. "Ati sasa tuko na askari," alisema, na hakuna aliyethubutu kuibandua.

Tulikwenda Jumamosi nyingi, hadi nilipoondoka kwenda chuo. Sikuwahi kuwa bingwa. Nilikuwa mzuri tu wa kutosha nisipelekwe piano.

Miaka michache iliyopita mume wa rafiki yangu alitualika renji, naye ana bunduki ya mbao ya aina ile ile. Niliiomba mara tu nilipoiona. Niliiweka bega la kushoto, shavu juu ya mbao, hatimaye, nikafyatua mara kadhaa mfululizo. Ganda la risasi, la moto, liliniangukia mkononi, la pili likaingia ndani ya mkono wa shati, moshi ukaniingia jichoni, na nilipotaka kukifunga kile kifungo cha usalama, kilikuwa upande wa pili kabisa, nisikoweza kukifikia bila kuiachia bunduki. Nilicheza ngoma pale ambayo haina jina. Watu walicheka, na walikuwa na haki. Bunduki ile hutema maganda upande wa kulia, kwa watu wa kulia. Ile nyeusi ilikuwa na kinundu cha kuyakinga maganda yasimrukie mtu wa kushoto, kifungo pande zote mbili, na kitako cha kumtosha msichana wa miaka kumi na mitatu.

Jioni hiyo nilimpigia simu baba nikiwa bado naegesha gari nyumbani kwangu.

"Baba, ile ya mbao ingeniunguza."

"Ingekuunguza," alikubali, kama tunazungumzia mvua.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungesema tuchukue ya mbao tu, utavumilia. Wewe ulikuwa umeshazoea kuvumilia, mwanangu."

Hajawahi kuniomba radhi kwa ajili ya mkono wangu, na sitaki aniombe. Nikienda kwake leo nakula ugali kwa kulia, na yeye bado ananitupia jicho kuhakikisha. Nimesoma vyuo viwili na kuandika kurasa nyingi kuhusu wazazi wa watu wengine, lakini ilinichukua miaka yote hiyo kuona kilichofanyika mbele yangu dukani siku ile nikisoma bei za kofia. Mtu alikuwa ameshika mkononi kitu alichokitamani tangu ujana wake. Akakiweka kwenye bega lisilo lake, mbele ya watu wanaomcheka, na kwa dakika chache akakaa ndani ya mwili wa mtoto wake ili ajue unabana wapi.