Kupima Kasi Mlangoni kwa Mama Mkwe

Nyumba yetu ya Ifakara ni ndefu, na intaneti inaingilia sebuleni. Ili ifike chumba cha uani, ambako mke wangu husomea, tuliweka vifaa vitatu vinavyorushiana mawimbi: kimoja sebuleni, kimoja chumba cha wageni, cha tatu uani. Vilitutosha mpaka Jumatatu moja, mke wangu alipofanya mazoezi ya kutetea tasnifu yake kwa video. Picha yake iliganda mdomo ukiwa wazi, na msimamizi wake akasubiri kwa heshima, akidhani anafikiri. Utetezi wenyewe ulikuwa Alhamisi.

"Lakini alama ya waifai imejaa," alisema, akinionyesha simu.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Alama ile inakueleza jinsi simu inavyosikilizana na kifaa kilicho karibu nayo. Haikuelezi jinsi kifaa hicho kinavyosikilizana na mwenzake. Fikiria watu watatu wanaopokezana magunia kutoka kwenye lori hadi ghalani. Wa mwisho anaweza kuwa na nguvu za ajabu, lakini wa katikati akichelewa, atasimama tu mikono mitupu.

Kwa hiyo unapima mapokezano yenyewe. Unachomeka kompyuta moja kwa waya kwenye kifaa cha kwanza, na nyingine kwa waya kwenye kifaa cha mbali, kisha moja inaipelekea nyingine data nyingi kadiri iwezavyo. Kwa kuwa ncha zote mbili zina waya, sehemu pekee isiyo na waya ni ile iliyo kati ya vifaa, na ndiyo unayoitafuta. Kesho yake nilipima kutoka sebuleni hadi uani nikapata megabiti kumi na mbili kwa sekunde. Sasa ni hatua ipi iliyochelewesha, ya kwanza au ya pili? Ilibidi kuchomeka kompyuta kwenye kifaa cha katikati.

Chumba cha wageni, hata hivyo, ndimo alimokuwa analala mama mkwe, aliyekuja kutoka Michenga baada ya mavuno. Kwetu mkwe haingii huko. Mke wangu alikuwa kazini, na udadisi ulishanizidi. Nikabisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kuna nini?"

"Nina kazi ndogo ya kupima, na mimi siwezi kuingia."

"Wala usiingie."

Nilimpitishia kompyuta na waya kwenye upenyo wa mlango. Nikamweleza taratibu kwamba kile kifaa cheupe kina matundu mawili, lolote linafaa, na waya ukikaa sawasawa utalia.

"Umelia," alisema.

"Safi sana, mama. Bonyeza kitufe nilichokibandikia karatasi."

"Namba zinakimbia. Kumi na nne. Kumi na moja. Kumi na tano. Ni nyingi?"

"Ni chache. Zingefaa kupita mia mbili."

"Basi umeniletea mashine mbovu."

Hatua ya kwanza ndiyo ilikuwa na kasoro. Nikamuuliza kifaa kimekaa wapi.

"Palepale mezani. Nyuma ya mpunga."

Nilidhani mpunga wake uko stoo. Kumbe stoo yetu hakuipenda, kwa sababu ya panya, na magunia yote manane yalikuwa mle ndani, yamepangwa kwenye ukuta wa upande wa sebuleni. Nikamweleza kwamba mawimbi haya hayapatani na maji. Mpunga ukiwa na unyevu, yanamezwa humo humo.

"Mpunga wangu umekauka. Aliyeuanika aliniapia."

Sikubishana. Mtu habishani na mama mkwe kuhusu mpunga. Nilimwomba asogeze gunia moja tu, apime tena. Nikasikia gunia likiburutwa.

"Ishirini na tisa," akasema. Akaburuta la pili bila kuombwa. "Sabini."

Kisha nikasikia meno yakivunja punje. Akatafuna, akachukua nyingine kutoka gunia jingine, akatafuna tena.

"Mbichi," alisema. "Yule mtu kanidanganya. Kwa hiyo mpunga wangu unakula intaneti ya mwanangu."

"Unakunywa, mama."

Alicheka mpaka akakohoa.

Mchana ule mpunga ulianikwa uani juu ya maturubai. Tulipopima, mimi nje na yeye ndani, tulipata mia mbili thelathini hadi kifaa cha katikati, na mia moja na kitu hadi uani. Alitaka kujua nusu nyingine imepotelea wapi. Nilimwambia haijapotea, kifaa cha katikati hakiwezi kupokea na kurusha kwa wakati mmoja, kwa hiyo hugawa muda wake.

Alhamisi, mke wangu alipofunga mlango wa chumba cha uani, mama yake alitaka kupima tena ili awe na uhakika.

"Tukipima sasa, mama, tunajaza njia anayoitumia yeye."

"Kwa hiyo tukae tu bila kujua?"

Tukakaa, yeye kizingitini, mimi kwenye kigoda koridoni. Ilipita zaidi ya saa nzima kabla mke wangu hajatoka.

"Wamenipitisha," alisema. "Kuna swali moja tu niliomba warudie, na hapo mtandao haukuwa na kosa. Mimi ndiye sikulielewa. Ila sura ya tatu wamenitaka niirekebishe."

"Hiyo ya tatu inahusu nini?" mama yake aliuliza.

"Jinsi nilivyopima."

Mama mkwe alisogea kizingitini, akampa nafasi ya kukaa, na mwanawe akaanza kumweleza.