Mawe ya Baba Mkwe Ndani ya Kanisa

Kabla sijasikia habari za Adamu na bustani yake, nilikuwa nimeshasikia kwa bibi yangu, kule Koboko, kwamba zamani mbingu na dunia zilifungwa pamoja kwa kamba ya ngozi. Watu walikuwa wanapanda, wanacheza ngoma huko juu, wanakula, wanashuka. Siku moja fisi, kwa ulafi wake, akaitafuna ile kamba ikakatika. Waliokuwa juu wakabaki juu, na sisi tukabaki huku chini na kifo chetu. Bibi akifika hapo anasema, "Fisi ni fisi tu," na kuendelea kupepeta mtama wake.

Basi nilipopelekwa kwenye mafundisho ya ubatizo na kusikia habari ya nyoka na tunda, niliona ni mambo yale yale, ila wameweka nyoka pahali pa fisi. Nikauliza, "Mwalimu, nani aliwapelekea Wazungu hadithi ya bibi yangu?" Mwalimu wa dini alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaniambia nitoke nje nikasimame juani. Kusoma kwangu hakukwenda mbali zaidi ya darasa lile, na herufi nilizozipata pale ndizo ninazoandikia sasa. Kiswahili nilikuwa nacho nyumbani, kwa sababu baba yangu alikuwa askari, na kambini hakuna lugha nyingine ya kugombania foleni ya maji.

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani, mpaka majina ya mbuzi wao. Siyaandiki. Watoto wao wako hai, na mimi ningali napenda kusalimiwa njiani.

Niliolewa Ayivu, karibu na Arua, kwa Walugbara. Baba mkwe wangu hakubatizwa hata siku moja. Chini ya ghala lake la mtama palikuwa na vijumba vya mawe, vidogo, vya kufika gotini: mawe mawili yamesimama, na moja bapa limelala juu yake. Pale ndipo alipowapa chakula ori, yaani wazee waliotangulia. Mtoto akiugua, anachinjwa mbuzi, nyama kidogo inawekwa juu ya lile jiwe bapa, na inayobaki inaliwa na ndugu wote. Mimi, kama mke wa nyumba ile, kazi yangu ilikuwa kufagia kuzunguka ghala na kutogusa kitu.

Baba mkwe alizaa wana wawili. Alipofariki, mkubwa, yaani shemeji yangu, alirithi mawe. Mdogo, ambaye ndiye mume wangu, alishika Biblia akawa kiongozi wa kanisa la kijiji. Walipendana hivyo hivyo, kwa kutaniana. Shemeji alikuwa anamwuliza, "Mungu wako ameshiba leo?" Mume wangu anajibu, "Wangu hali mbuzi za watu."

Serikali ya wanajeshi wa kwetu ilipoanguka mwaka wa 1979, na vita vikatufuata mpaka nyumbani, tulikimbilia Zaire. Mama mkwe hakuweza kutembea. Shemeji alisema, "Ninyi nendeni na watoto, mimi nitabaki naye porini." Tukaenda. Mama alifia humo porini, upande wa Ajia, na shemeji akamzika peke yake, bila ngoma, bila mwanawe wa pili. Habari zilitufikia baada ya mvua kupita. Mume wangu aliomba sana siku ile, lakini hakurudi kuliangalia kaburi, maana njia ilikuwa na bunduki. Miaka ikaenda.

Tuliporudi, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, nyumbani palikuwa msitu. Nyasi zilimpita mtu, ghala lilichomwa zamani, kanisa halikuwa na ukuta hata mmoja. Shemeji alikuwa amehamia Ajia kwa watu wa mkewe, na hakuja kutusalimia. Mume wangu naye alisema ataenda, ataenda, akawa haendi. Alijitia kwenye kazi ya kujenga kanisa. Mchungaji wa Arua alikuwa ameahidi kuja Pasaka kubatiza watoto waliozaliwa ukimbizini, na mume wangu alitaka wabatizwe ndani ya nyumba, siyo kichakani kama wakimbizi. Hilo lilikuwa linamnyima usingizi kuliko njaa.

Wakati wa kupanga mawe ya madhabahu mimi nilikuwa Koboko kumwuguza dada yangu, na mume wangu alikuwa mjini kuomba misumari. Kazi waliifanya vijana. Hawa walikua Zaire. Waliingia kwenye nyasi kutafuta mawe, wakakuta mazuri sana, mabapa, kama yaliyochongwa. Wakayabeba kwa furaha. Mume wangu aliporudi, alikuta madhabahu imesimama, imekandikwa udongo, na ukuta wa mbele umeshaungwa nayo. Aliwasifu. Hakujua kwamba wamemjengea meza ya Bwana kwa vijumba vya baba yake.

Shemeji alikuja juma lile lile nililorudi. Hakuja kwetu. Alikwenda moja kwa moja pale palipokuwa na ghala, akakuta mashimo tu. Akafuata njia ya vijana, nyasi zilizolala, mpaka kanisani. Mimi nilikuwa hapo nachota udongo na wanawake wenzangu. Akasimama mbele ya madhabahu, akakwangua udongo kwa kucha. Akizungumza nami alizoea kusema Kiswahili cha jeshini, kwa sababu naye alipikia askari siku za ujana.

"Shemeji," akasema, "nyumba ya baba yangu iko ndani ya kanisa yenu."

Nikaangalia pale alipokwangua. Lile jiwe lilikuwa na alama nyeusi ya moshi pembeni. Nililifagilia miaka mingi, ningelijua hata gizani.

"Ni vijana, shemeji. Hawakujua."

"Najua hawakujua. Sasa wanajua. Mawe itoke."

Kuyatoa ilikuwa maana yake kubomoa madhabahu na ukuta wa mbele, na mvua zilikuwa mlangoni. Habari ikazunguka kabla ya jua kuzama. Walokole wa kanisa letu walikuwa wa kwanza kufika. Mama mmoja, mwimbaji wao, mwenye sauti ya kupasua chungu, alimwambia mume wangu, "Mzee, hayo ni mawe ya shetani. Tubomoe leo." Kwa hiyo shemeji na walokole, ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya bei ya chumvi, siku ile walitaka kitu kimoja.

Mume wangu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akajishika kichwa.

Jumamosi mwanetu wa kwanza alikuja kwa baiskeli kutoka Awindiri, pembeni mwa mji wa Arua, alikopanga chumba. Alikuwa mwalimu mjini, amesoma. Alisikiliza habari yote huku akinywa uji, kisha akacheka.

"Baba, mnagombea nini? Yote hayo yameazimwa. Watu wa Misri walikuwa na mungu aliyeuawa akafufuka, kabla ya Yesu. Sikukuu ya Krismasi, wapagani walikuwa wanasherehekea jua siku zile zile. Gharika, watu wengine waliiandika zamani, kabla ya Musa. Wakristo wa kwanza walikuta mawe ya watu, wakajengea. Kama vijana wenu."

"Nani kakwambia?"

"Chuoni. Kuna vitabu."

"Na hivyo vitabu, vilikuwepo mtu akitoka kaburini?"

"Ndiyo hiyo nauliza, baba. Wewe ulikuwepo?"

Nilidhani baba yake atampiga, mtoto mkubwa vile. Hakumpiga. Alisema taratibu, "Kule Zaire tulipomzika dada yako, ulishika mkono wangu ukasema tutamwona. Hilo nalo uliliazima?"

Mwanangu aliweka kikombe chini. "Sijui, baba," akasema. "Ndiyo maana nauliza."

Mimi nilikuwa napalia moto, nikakumbuka kamba na fisi. Niliwaza hivi: asubuhi moto wangu ukizimika naenda kuomba kaa kwa jirani. Ninaloleta nyumbani ni lake, lakini muhogo ninaoupika si wake, wala njaa inayoondoka si yake. Halafu nikawaza tena: labda jirani naye aliomba kwa mwingine, na huyo kwa mwingine, na wa kwanza kabisa alipewa na nani? Hapo akili yangu ilisimama, nikaendelea kupika. Sikulisema. Lilikuwa wazo la jikoni, na mpaka leo sijui kama linajibu kitu.

Jioni ile shemeji alikuja, safari hii nyumbani. Nilimpa kiti. Walisema Kilugbara, wao kwa wao. Mimi naandika nilivyosikia.

"Mdogo wangu, sikuja na watu wa kubomoa," akasema. "Nikitaka kubomoa nitabomoa mwenyewe, mikono ninayo. Nataka tufanye desturi kwanza."

Desturi yao ni hii. Ndugu hawali nyama ya sadaka wakiwa na jambo moyoni. Kabla ya kula, kila mmoja anasimama mbele ya wengine anasema kinyongo chake chote, wazi. Akificha, ile nyama itawatia ugonjwa. Wakimaliza, wanatia maji kinywani na kuyapuliza chini, maneno yapoe. Mimi nimeona watu wazima wakitetemeka pale kuliko mbele ya hakimu.

Mume wangu akatikisa kichwa. "Hilo niliacha. Mimi ni mtu wa kanisa. Ni mambo ya kipagani."

"Sawa. Basi nieleze ya kwenu. Nyinyi mnakula mkate juu ya ile meza?"

"Tunakula."

"Kabla ya kula mnafanya nini? Mnaketi tu?"

"Hatuketi tu. Tunaungama."

"Kuungama ni kufanya nini?"

"Kusema makosa. Mbele za Mungu na mbele ya watu. Na Bwana alisema, ukileta sadaka yako, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache palepale, uende upatane naye kwanza, ndipo..."

Hakumaliza. Kuku walikuwa wanagombania pahali pa kulala. Mwanangu, aliyekuwa mlangoni, alisema kwa sauti ya chini, bila kucheka, "Sasa hiyo ni nani ameazima kwa nani?"

"Wewe nyamaza," shemeji akamwambia, lakini kwa upole. "Yeyote aliyeazima, alijua anachokitafuta. Mdogo wangu, mimi sijui kusoma. Naona tu wewe una desturi mbili, na hujafanya hata moja."

Mume wangu alikaa. Nilimfahamu mtu yule tangu ujana, na sikuwahi kumwona akitafuta maneno. Maneno ndiyo yalikuwa kazi yake. Mwishowe alisimama, mikono imelala mapajani kama mtoto wa shule.

"Sikumzika mama," akasema. "Nilisema ni bunduki. Bunduki zilinyamaza, na bado sikuja, kwa sababu niliogopa uso wako. Nilijenga kanisa ili niwe na kazi, nisije Ajia."

Shemeji naye akasimama. "Mimi nilikulaani. Nilipokuwa nachimba, peke yangu, nilisema usipate nyumba tena. Niliposikia unajenga, nilikasirika kwamba laana haikushika. Mawe yalinipa sababu."

Nilienda kuleta maji kwenye kibuyu. Hakuna aliyenituma. Shemeji alitia kinywani, akapuliza chini. Kisha akampa mdogo wake. Mume wangu alikishika kile kibuyu muda mrefu, nikajua anapima: walokole watasema nini, mchungaji atasema nini. Halafu akatia funda kinywani, akapuliza, na palepale, maji yakimtiririka kidevuni, akasema, "Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Shemeji akasema, "Na baba yetu pia." Mume wangu hakukataa.

Walikwenda Ajia siku iliyofuata, baada ya ibada, wote wawili, na mwanangu akawabebea jembe kwa baiskeli, wakapalilia kaburi.

Mawe yalibaki pale yalipo. Shemeji mwenyewe aliwaambia vijana, "Msiyatoe. Ila hilo moja mmeliweka kichwa chini. Ligeuzeni." Wakaligeuza. Walokole hawakufurahi. Walitoka wakaanza kusali chini ya nyasi walizoezeka wenyewe ng'ambo ya kijito, na yule mama mwimbaji akasema hatarudi mpaka tubomoe. Mvua kubwa ya kwanza ilirudisha nusu yao, na yeye akiwa mbele, ameloa, anaimba. Hakuna aliyemwuliza kitu. Tulimpa kitambaa cha kujifutia.

Mwanangu aliendelea kuuliza maswali yake. Alikuwa anakuja Jumamosi na baba yake wanabishana mpaka uji unapoa, habari za Misri, habari za jua. Lakini baba yake alikuwa amebadilika hapo. Zamani angesema, "Nyamaza." Sasa alikuwa anasema, "Endelea, huyo mungu wao alifufuka vipi?" na kusikiliza kweli, kama mtu anayepewa habari za ukoo asioujua.

Siku ya kuamkia Pasaka, sisi wanawake tulisiriba sakafu ya kanisa kwa udongo na samadi ya ng'ombe, tukirudi nyuma kwa magoti kutoka madhabahuni mpaka mlangoni. Tulikuwa tunamalizia kizingiti nilipomwona shemeji anakuja, amevaa shati lililopigwa pasi, na nyuma yake wake za wanawe wamebeba nyasi za kumalizia paa. Alifika akainua mguu aingie.

"Shemeji, usikanyage," nikamwambia. "Iko maji."

Akarudisha mguu. Akachungulia ndani, mpaka kule mbele.

"Nitaingia saa gani?"

"Ikikauka."

"Kesho itakuwa imekauka?"

"Kesho itakuwa imekauka."

Akawaambia wale wanawake watue nyasi, akatafuta kivuli cha ukuta, akaketi kungoja.